Niingie kwenye majaribio ya chanjo ya TB na mume wangu hataki?

SWALI

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 35, naishi Kisauni. Alfajiri nakaanga mahamri na kuuza na mbaazi hapa nje kwetu, jioni naenda Kongowea kutafuta nazi za kesho. Nina HIV tangu kabla sijaolewa na mume niliye naye sasa. Yeye hana. Hali yangu aliijua kabla ya posa, nilimwambia kwa mdomo wangu, na hajawahi kunisimanga nayo hata siku tunapogombana. Dawa nameza kila usiku na vipimo vya karibuni vilisema virusi havionekani. Nina mtoto mmoja wa ndoa ya kwanza, salama, hana virusi. Sasa tunatafuta wetu wa pamoja.

Kaka yangu, tumbo moja, alikufa na TB. Naye alikuwa na virusi lakini habari za kliniki alikuwa hataki kuzisikia. Alikuja kwangu ameshakonda. Alilala sebuleni juu ya mkeka kwa sababu godoro alililowesha jasho, kila asubuhi nalitoa juani na halikauki. Usiku nilimsikia akikohoa ndani ya kikoi, anakiziba mdomoni ili mtoto asiamke. Tulipomfikisha hospitali ilikuwa tumeshachelewa. Baada ya mazishi kliniki walinipima, wakanikuta sina TB, wakanipa dawa za kuzuia nikazimaliza.

Juzi kliniki tuliitwa mkutanoni. Tuliambiwa kuna utafiti wa chanjo mpya ya TB na kwamba wanataka na watu wenye HIV, wale ambao dawa zimewakubali. Hawajaanza kuandikisha, wanataka kwanza kujua nani yuko tayari kuzungumza nao. Tulipewa karatasi nyingi twende tukasome. Niliyoyashika ni haya: sindano mbili, nusu ya watu watapata chanjo na nusu watapata kitu kisicho chanjo, mtu hajui kapata ipi. Utafuatwa kwa miaka kadhaa. Nauli inarudishwa. Na mwanamke asishike mimba kwa muda.

Mume wangu ni kuli bandarini, si mtu wa maneno mengi. Nilipomsomea alisema, "Kama ni nzuri mbona hawakuanza na wenye afya zao? Wanatafuta watu ambao wakifa hakuna wa kuuliza." Akaondoka akaenda kukaa barazani. Tangu siku hiyo nikiitaja tu hunyamaza.

Mavyaa anaishi nasi na hajui hali yangu. Anajua nina presha na ndiyo sababu ya dawa. Watu wa utafiti wakianza kupiga simu na kuja nyumbani, si ataanza kuuliza?

Rafiki yangu wa kliniki yeye ameshasema ataingia. Ananiambia, "TB inatumaliza sisi kwanza, tusipojitolea sisi nani atajitolea?" Naona nikikataa nimemkana kaka yangu, nikikubali nimemkana mume wangu. Na nikwambie ukweli, mama, ile chanjo naitaka. Nikikohoa siku mbili tu moyo unanienda mbio.

Nifanyeje?

Muuza mahamri, Kisauni

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa kaka yako, na pole kwa zile asubuhi za kulitoa godoro juani. Umemuuguza mtu wa TB ndani ya nyumba yako huku wewe mwenyewe una sababu ya kuiogopa kuliko wengine, na hukumfukuza. Kwa barua yako sioni wapi umemkana, nami nitalirudia hilo mbele.

Ninavyokuelewa, karatasi za utafiti zimekuja juu ya mambo yaliyokuwako nyumbani tangu hapo: hofu yako ya TB, msiba wa kaka yako, mtoto mnayemtafuta, na mavyaa ambaye hajaambiwa. Utafiti wenyewe haujaanza hata kuandikisha. Kwa hivyo una muda, na ningependa uutumie bila kujisukuma.

Nianze na maneno yako ya mwisho, kwa sababu ndiyo yaliyonikaa zaidi. Unasema ile chanjo unaitaka. Mwanangu, iliyoko ni sindano inayoulizwa kama ni chanjo. Nusu yenu mtapata kitu kingine, mara nyingi huwa maji ya chumvi, na hata muuguzi anayekudunga huenda asijue yaliyo ndani ya bomba. Hata ukiangukia ile nusu ya chanjo, hakuna awezaye kukuahidi kwamba itakulinda, kwani kama wangekuwa na hakika wasingekuwa na haja ya utafiti.

Haya si maneno ya kukuogofya. Iko chanjo iliyoitwa MVA85A, ilijaribiwa kwa watu wazima 650 wenye HIV huko Cape Town na Dakar, matokeo yakatangazwa mwaka 2015. Ilionekana salama, lakini haikuwalinda. Nyingine ilijaribiwa hapa jirani, Dar es Salaam, kati ya 2001 na 2008. Zaidi ya watu 2,000 wenye HIV walijitolea, wakadungwa sindano tano tano zilizotengenezwa kwa bakteria aliyeuawa, ndugu wa yule wa TB. Waliopata chanjo, TB iliyothibitishwa ilipungua kwao kwa asilimia 39 ukilinganisha na wenzao. Habari njema kweli. Lakini kuitengeneza kwa wingi kukawa kugumu, ikabidi itengenezwe upya kwa njia nyingine, na mpaka leo ukienda kliniki yako kuomba chanjo hiyo hutaipata. Wale ndugu zetu wa Dar walitoa mikono yao na miaka yao, na sayansi ilijifunza mengi kutoka kwao. Wao wenyewe wengi walipata kidogo.

Kwa hiyo ningekuwa nimekaa nawe hapo kwenye karai lako la mahamri ningekuuliza hili moja: ukijua kwamba umepata maji ya chumvi, na kwamba utaendelea kwenda kutolewa damu na kuulizwa maswali miaka yote hiyo, bado ungeenda? Ukijibu ndiyo, unakwenda kwa ajili ya watakaokuja, na ni jambo kubwa. Ukijibu hapana, wala hilo si ubinafsi. Umegundua tu kwamba unachotafuta ni kinga yako wewe, na kinga hiyo inabidi uitafute pengine hata kama utaingia kwenye utafiti.

Sasa mume wako. Mimi naona ameuliza swali la maana, naye anastahili kujibiwa, asipuuzwe kama mtu asiyesoma. Mbona hawakuanza na wenye afya zao? Kwa kawaida huanza nao. Chukua chanjo inayozungumzwa sana sasa, M72. Ilijaribiwa kwanza kwa watu wazima wasio na HIV wapatao 3,500 huku Kenya, Zambia na Afrika Kusini, watu ambao tayari walikuwa na vijidudu vya TB vilivyolala mwilini. Katika miaka mitatu hivi, walioumwa TB ya mapafu walipungua karibu nusu. Ndipo mwaka 2024 ukaanza utafiti mkubwa zaidi wa watu hadi 20,000 katika nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, na safari hii watu wenye HIV wakatiwa ndani. Sijui kama ndiyo mliyoelezwa, hukunitajia jina. Lakini utaratibu ndio huo, wenye HIV huja baadaye.

Na huko kuja baadaye kuna uchungu wake. Shirika la Afya Duniani lilihesabu mwaka 2023 watu milioni 1.25 waliokufa kwa TB, na 161,000 kati yao walikuwa na HIV. Rafiki yako hakosei anaposema inatumaliza sisi kwanza. Chanjo ikipimwa kwa wengine tu kisha ikaletwa kliniki, daktari wako atakuwa anakisia kama inakufaa. Tuna mfano mkononi mwetu, ile alama ya BCG, chanjo ya TB tuliyodungwa tukiwa wachanga. BCG ilianza kutumika 1921, na ina bakteria hai aliyepunguzwa makali. Imeokoa watoto wengi na TB ya ubongo. Lakini ulipokuja UKIMWI ikaonekana kwamba kwa baadhi ya watoto wachanga wenye HIV yule bakteria anaweza kusambaa mwilini na kuwaua. Mwaka 2007 ndipo Shirika la Afya Duniani likasema mtoto anayejulikana kuwa na HIV asidungwe. Baadaye walilegeza kwa walio kwenye dawa na wenye hali nzuri. Hayo ni mambo ambayo hujulikana tu pale watu wenye virusi wanapohesabiwa, na ndiyo sababu mimi binafsi nafurahi wanapoalikwa. Hata hivyo haja ya umma mzima haiwi amri kwa mwanamke mmoja wa Kisauni. Rafiki yako ajitolee kwa nafsi yake, asikubebeshe na ya kwako.

Kisa hicho cha BCG kinaleta swali ambalo naona ni la kwanza kwako kuuliza: chanjo hii ina kijidudu hai ndani yake au haina? M72 haina, ni vipande vya protini pamoja na kichocheo cha kuamsha kinga. Iko nyingine inaitwa MTBVAC, ya kutoka Uhispania, ambayo ina bakteria hai wa TB aliyedhoofishwa, nayo pia imefikishwa kwenye majaribio ya watu wenye HIV huko Afrika Kusini. Hai haimaanishi mbaya. Lakini hatari zake ni nyingine na uangalizi wake ni mwingine, hasa kwa mtu ambaye kinga yake inategemea dawa, na kwa mwanamke anayetaka mimba. Waulize waziwazi, na wakujibu kwa Kiswahili unachokielewa. Wakikujibu kwa kukuharakisha, hilo nalo ni jibu.

Sehemu ya pili ya maneno ya mume wako, kwamba wanatafuta watu ambao wakifa hakuna wa kuuliza. Usimbishie. Kuna historia duniani ya watu maskini na watu weusi kufanyiwa majaribio bila kuambiwa, na mtu anayebeba mizigo bandarini anajua vizuri akiumia kazini nani hulipa na nani hukana. Hofu yake ijibiwe kwa karatasi. Utafiti wa dawa Kenya lazima uwe na kibali cha kamati ya maadili, cha Bodi ya Dawa na Sumu, na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Mle ndani ya fomu pawe na jina na simu ya mtu wa kamati ya maadili, mbali na watafiti wenyewe. Ulizeni bima ya atakayedhurika iko wapi, inalipa nini na kwa muda gani. Ulizeni kama ukijitoa katikati, dawa zako za kila siku na nafasi yako kliniki zinabaki vilevile. Ni haki yako zibaki. Ningependa sana haya ayaulize yeye mwenyewe, mdomo wake, siku ambayo hana zamu. Mwombe aje asikie, usimwombe aje akubali.

Lakini, mwanangu, sina hakika kwamba kinachomnyamazisha ni chanjo. Nakisia tu, wewe ndiwe unayemjua. Mmekuwa mkitafuta mtoto. Kisha siku moja mke anakuja na karatasi, na ndani yake imeandikwa asishike mimba. Huenda yeye hapo hakusikia TB tena. Huenda amesikia kwamba umemweka kando. Au anaogopa kukupoteza kama ulivyompoteza kaka yako, na hana maneno ya kulisema hilo ila kwa ukali. Jaribu kumuuliza habari ya mtoto peke yake, bila karatasi mkononi.

Na hesabu ya mtoto ifanye kweli. Tafiti nyingi za chanjo hupima mimba kabla ya kila sindano na hutaka mwanamke atumie uzazi wa mpango kwa muda fulani baada ya sindano ya mwisho. Muda huo ni upi? Miezi michache ni jambo moja, mwaka na zaidi kwa mwanamke wa miaka 35 ni jambo jingine. Uliza pia mimba ikitokea bila kutarajiwa watafanya nini. Ukiona mtoto ndiye wa mbele, hali yako inaruhusu. Virusi visipoonekana humwambukizi mume, na kliniki yako inajua namna ya kumlinda mtoto tumboni na anaponyonya. Tafiti nazo hazitaishia na hii.

Kuhusu mavyaa, watafiti hawana ruhusa ya kumwambia mtu yeyote. Sheria ya mwaka 2006 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inakataza kutoa siri ya hali yako bila ridhaa. Unaweza kuwaambia wasije nyumbani, wapige simu yako tu na saa unazotaka wewe, na wakijitambulisha wasitaje kliniki. Hilo linapangika. Lisilopangika sana ni la mwilini. Chanjo zenye vichocheo vikali huleta mkono unaouma, homa na uchovu siku moja mbili, na mavyaa atakuona umelala na karai halijawashwa. Utamwambia nini asubuhi hiyo? Nakutaka ulijue mapema usije ukatunga jibu ukiwa na homa. Simaanishi kwamba umwambie hali yako. Hilo ni la wakati wako na la usalama wako, na mume wako ndiye ajuaye mama yake atalipokeaje.

Sasa nirudi kwa kaka yako. Unaona kama kukataa ni kumkana. Kwa ulivyoniandikia, kilichomuua ni TB iliyochelewa kuonekana kwa mtu ambaye hakuwa kwenye dawa. Wewe uliyafanya yote ambayo yeye hakuweza: unameza dawa, ulipimwa, ulimaliza dawa za kuzuia. Kama moyo wako unataka kufanya jambo kwa jina lake, utafiti ni njia mojawapo na ni njia ya heshima. Ziko nyingine. Tafiti kama hizi huwa na kamati ya ushauri ya jamii, watu wa mitaani wanaosoma fomu kabla haijapitishwa na kusema hapa hatujaelewa, hapa mnatudhulumu. Mwanamke aliyeshika mambo mengi kiasi hicho kwenye mkutano mmoja angefaa hapo, hata bila kudungwa. Na yuko yule jirani anayekohoa na hataki kliniki, kila mtaa unaye. Wewe una maneno ambayo muuguzi hana.

Ukisema ndiyo, hatari zako ninazoziona ni siri ya nyumba kuvuja, ndoa kuingia baridi kama utasaini kwa kujificha, na kuanza kujiona umekingwa ukalegea. Kwa kujificha kabisa sikushauri, ingawa kisheria saini ni yako peke yako na hakuna mume wala daktari wa kuiweka kwa niaba yako. Ukisema hapana kwa sababu yake tu, huku moyo ukitaka, kuna hatari kwamba kila kikohozi kitakuja na lawama juu yake. Ukisema sijui bado, hakuna mlango uliofungwa, kwani kusikiliza maelezo si kuandikishwa, na hata aliyeandikishwa anaweza kutoka.

Liko moja ambalo halingoji uamuzi wowote. Hicho kikohozi cha siku mbili. Wengi wamezoea kusikia kwamba kikohozi kifike wiki mbili ndipo mtu aende kupima TB. Wewe usisubiri. Kwa mwenye HIV, kikohozi cha muda wowote, homa, kukonda au jasho la usiku, chochote kimoja katika hivyo kinatosha kukupeleka kliniki. Nenda hata kama unajua ni vumbi la Kongowea. Na siku hiyo hiyo waulize dawa za kuzuia ulizomaliza zilikuwa zipi, na kama kwa hali yako kuna haja ya kuzirudia. Kisha niandikie mume wako alisema nini mlipozungumza habari ya mtoto.